Kutafuta Makala na Takwimu za Utafiti Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wanafunzi wa shahada ya kwanza na uzamili huyauliza muhula hadi muhula wanapoandaa andiko la utafiti au mapitio ya maandishi. Majibu yanaanza na misingi na kuishia kwenye mambo ya pembeni. Mfano mmoja unarudi mara kwa mara: ugonjwa wa michirizi kahawia wa muhogo. Umechaguliwa kwa sababu una jina la Kiswahili, la Kiingereza na kifupisho cha wataalamu, na kila jina hufungua mlango wake.

## Misingi

1. Kwani Google ya kawaida haitoshi?

Inatosha kwa kazi yake. Ukitaka ripoti ya wizara, sera, hotuba ya bajeti au jina rasmi la kitu, anza hapo. Ukiandika "magonjwa ya muhogo" utapata blogu za kilimo, video na vipeperushi vya maofisa ugani. Hivyo si vyanzo vya kunukuu kwenye tasnifu, lakini visome: ndimo utakamojua kwamba wakulima huita ugonjwa mmoja "batobato" na mwingine "michirizi kahawia", na kwamba yote mawili huenezwa na inzi weupe. Maneno hayo ndiyo mtaji wa hatua inayofuata.

Inapokwama ni kwenye makala za majarida. Google hupanga kurasa kwa kukadiria mtu wa kawaida anataka nini, na mtu wa kawaida hatafuti makala yenye jedwali la takwimu.

2. Google Scholar ina tofauti gani na hifadhidata kama PubMed?

Google Scholar, iliyoanza Novemba 2004, huzungukia mtandao kwa mashine na kuokota chochote chenye sura ya maandishi ya kitaaluma: makala, tasnifu, vitabu, makaratasi ya makongamano, hata makala za majarida ya kitapeli (swali la 14). Hakuna mtu anayekaa kuchagua kiingie kipi. Uzuri wake ni upana. Ubaya wake ni kwamba kazi ya kuchuja unaachiwa wewe, na haina kitufe cha kubakiza makala zilizopitiwa na wataalamu wenza tu.

Hifadhidata ya fani huwa na majarida yaliyochaguliwa, na mara nyingi makala huwekewa istilahi za mada. PubMed hutumia orodha ya istilahi iitwayo MeSH. Ukiandika "heart attack", PubMed yenyewe hulioanisha neno hilo na "myocardial infarction", hivyo unapata hata makala ambazo hazikutumia neno lako. Ukitaka kuona imekuelewaje, fungua "Advanced" kisha "Search Details". Ni tabia nzuri kuitazama, kwa sababu pengine imekuelewa vibaya na hukujua.

3. Nianze na chombo kipi kwa fani yangu?

Tanguliza swali, chombo kitafuata. Jiulize kwanza unachohitaji ni makala, takwimu, sheria au waraka wa zamani.

- Afya: PubMed. Ndani yake kuna kichujio cha "Free full text".
- Kilimo na mifugo: AGRIS ya FAO kwa kutafuta, AGORA kwa kusoma (swali la 10).
- Sheria: TanzLII kwa Tanzania, Kenya Law kwa Kenya, ULII kwa Uganda. Hukumu na sheria ziko wazi bure, kwa hiyo usinukuu hukumu kutoka kwenye gazeti.
- Lugha, fasihi na historia: JSTOR na AJOL (swali la 4).
- Fizikia, hisabati na kompyuta: arXiv, ukikumbuka kwamba makala nyingi humo zimewekwa kabla ya kupitiwa na wataalamu wenza.
- Takwimu za nchi: Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) kwa Tanzania, KNBS kwa Kenya.

Google Scholar iwe ya pili kwa fani zote hizi. Wanaoanza nayo huikuta ina kila kitu, na hapo ndipo wanapozama.

4. AJOL, DOAJ na JSTOR: zote si mahali pa makala? Tofauti ni nini?

AJOL ilianza mwaka 1998 na hukusanya majarida yanayochapishwa Afrika. Tafiti nyingi za kwetu zimo humo na hazionekani vizuri kwingine. Majarida ya *Kiswahili* na *Kioo cha Lugha* yamo. Baadhi ya makala ni za bure na nyingine hulipiwa; alama iliyo kando ya jina la jarida hukuonyesha.

DOAJ ilianza mwaka 2003 na huorodhesha majarida ya bure tu, baada ya kuyakagua. Ni mahali pa kusoma na pia pa kuhakiki.

JSTOR ni hazina ya matoleo ya zamani. Kwa majarida mengi miaka mitatu hadi mitano ya karibuni haimo, kwa hiyo usishangae kukosa makala ya mwaka jana. Ukifungua akaunti ya bure unaruhusiwa kusoma mtandaoni hadi makala 100 kwa mwezi, bila kupakua. Wanafunzi wengi hawajui hili, na kwa mtu wa historia au fasihi ni utajiri.

## Maneno ya kutafutia

5. Nimeandika kichwa chote cha utafiti wangu na sipati kitu. Tatizo nini?

Tatizo ni hicho kichwa chote. Chukua kichwa hiki: "Athari za ugonjwa wa michirizi kahawia kwa kipato cha wakulima wadogo wa muhogo wilayani Mkuranga". Ukikimimina kama kilivyo, unamwomba mtambo akutafutie mtu aliyekwisha kuandika utafiti wako. Hayupo, na ndiyo maana unaufanya.

Kivunje. Ondoa maneno yasiyobeba mada: "athari", "tathmini", "mchango wa", "uchunguzi kifani". Yanayobaki hapa ni dhana tatu: ugonjwa, kipato na mahali. Chukua karatasi, chora safu tatu, na chini ya kila dhana andika kila jina unalolijua.

Ugonjwa: michirizi kahawia, "cassava brown streak disease", CBSD, "cassava brown streak virus". Kipato: "income", "livelihood", "yield loss", "food security". Mahali: Mkuranga, Pwani, "coastal Tanzania", Tanzania, "East Africa".

Sasa unganisha neno moja kutoka kila safu. Kwenye Google Scholar andika hivi (nukuu na OR zimeelezwa kwenye swali la 8):

`"cassava brown streak" income OR livelihood OR yield Tanzania`

Anza na mahali padogo, kisha panda ngazi. Mkuranga ikikupa makala moja au hakuna, nenda Pwani, kisha Tanzania, kisha Afrika Mashariki. Utafiti uliofanyika Malawi, Msumbiji au pwani ya Kenya kuhusu ugonjwa huohuo una haki kabisa ya kukaa kwenye mapitio yako. Na ukikosa kitu cha Mkuranga baada ya kupanda ngazi zote, hilo ni pengo la utafiti lililothibitishwa. Liandike kwa kutaja ulivyotafuta (swali la 20).

Pitia kurasa tatu za mwanzo, yaani matokeo 30 hivi. Ukiona mawili tu yanakuhusu, usiende ukurasa wa nne. Rudi kwenye karatasi ubadilishe maneno. Makala mbili hizo zenyewe zitakupa maneno mapya: soma ikisiri na orodha ya maneno msingi chini yake.

6. Nitafute kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Kwa vyote viwili, lakini kwa matumaini tofauti. Makala nyingi za sayansi, afya, kilimo na uchumi kuhusu nchi zetu ziliandikwa kwa Kiingereza. Kwa Burundi na Kongo ongeza Kifaransa. Ukitafuta kwa Kiswahili pekee utadhani hakuna aliyewahi kuchunguza jambo lako.

Kiswahili ni lazima pale unapotafuta isimu na fasihi ya Kiswahili, nyaraka za halmashauri, miongozo ya wizara, taarifa za Bunge na magazeti. Kwa isimu na fasihi usiishie AJOL; *Swahili Forum*, jarida lililolelewa kwenye vyuo vya Ujerumani, liko wazi bure na lina makala za Kiswahili na Kiingereza.

Jina la kisayansi huvuka lugha zote. *Manihot esculenta* ni muhogo kwa Mjapani na kwa Mbrazili. Kwa mmea, mdudu au samaki yeyote, litafute jina hilo kwanza.

7. Nikitafuta kwa Kiswahili kwa nini matokeo yanakuwa machache au ya ajabu?

Kwa sababu lugha yetu hubadilika mwanzoni mwa neno, na mitambo hii mingi imezoea lugha zinazobadilika mwishoni. Kwenye JSTOR ukiandika `farm*` unapata farmer, farmers na farming kwa mkupuo. Kwa Kiswahili nyota hiyo haikusaidii: mkulima, wakulima, ukulima na kilimo vinaanzia herufi tofauti, na mtambo hujua tu herufi ulizompa. Lazima uandike umoja na wingi mwenyewe:

`mkulima OR wakulima`
`ugonjwa OR magonjwa`
`muhogo OR mhogo OR mihogo`

Huo mstari wa mwisho una jambo la ziada: tahajia. Kuna nyaraka za serikali zinazoandika "mhogo" na nyingine "muhogo", na ukichagua moja unapoteza zote za upande wa pili. Fanya hivyo pia kwa UKIMWI na VVU, na kwa Majimaji na Maji Maji. Ng'ombe ni kisa kingine: alama ya king'ong'o huandikwa kwa namna mbili za ritifaa, na wengine huiacha kabisa wakaandika "ngombe". Jaribu zote.

Vitenzi viepuke. "Analima", "walilima" na "hulimwa" ni maneno tofauti kabisa kwa mtambo. Tafuta kwa nomino.

Matokeo ya ajabu hutokana na maneno mafupi yanayogongana na lugha nyingine. Ukitafuta "uji" peke yake utapelekwa Japani, kwenye mji wa Uji unaosifika kwa chai. Ongeza neno la pili linalofunga maana: "uji wa lishe", "uji shuleni".

8. Alama za nukuu, OR, alama ya kutoa, site: zinafanyaje kazi?

Alama za nukuu hufunga maneno yakae pamoja kwa mpangilio huo: "michirizi kahawia". Bila nukuu unapata ukurasa wenye michirizi huku na rangi ya kahawia kule. Lakini usifunge sentensi ndefu. Maneno mawili hadi manne yanatosha.

OR maana yake "au": huleta kilicho na neno lolote kati ya hayo, nayo iandikwe kwa herufi kubwa. Kwenye PubMed hata AND (yawepo yote) na NOT (lisiwepo) ziwe kubwa, na tumia mabano, kwa sababu PubMed husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiandika `malaria OR anaemia AND pregnancy` itaunganisha malaria na anaemia kwanza, kisha ikate kwa pregnancy. Kama hukukusudia hivyo, weka mabano unapotaka.

Alama ya kutoa huondoa neno, nayo huandikwa bila nafasi kati yake na neno hilo: `uji -Japan`.

`site:` hubana utafutaji ndani ya tovuti au kikoa, bila nafasi baada ya nukta mbili. `site:go.tz` ni taasisi za serikali ya Tanzania, `site:go.ke` za Kenya, `site:ac.ug` vyuo vya Uganda. Iunganishe na `filetype:pdf` na utashangaa kinachoibuka:

`muhogo OR mihogo mwongozo site:go.tz filetype:pdf`

Nyota mwishoni mwa neno hufanya kazi PubMed (baada ya herufi zisizopungua nne) na JSTOR. Google haikati maneno hivyo. Kwake nyota ndani ya nukuu husimama badala ya neno zima. Kwenye PubMed kumbuka kwamba nyota huzima ule uoanishaji wa MeSH ulioelezwa kwenye swali la 2, kwa hiyo itumie pale tu unapojua unachokifanya.

9. Mada yangu ni ya kihistoria na vyanzo vya zamani havionekani. Nifanyeje?

Tafuta kwa jina la wakati huo. Kabla ya 1964 hakuna Tanzania: kuna Tanganyika na Zanzibar, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuna Deutsch-Ostafrika kwa Kijerumani na "German East Africa" kwa Kiingereza. Kongo iliitwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Anayechunguza muhogo akiandika "Tanzania" peke yake atapitwa na maandishi ya miaka ya 1930, na humo ndimo chanzo kilipo: michirizi kahawia ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti Storey, kutoka kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, wakati huo Tanganyika.

Magazeti na vitabu vilivyopigwa picha vina tatizo jingine. Mashine iliyosoma herufi hukosea, hasa kwenye Kiswahili na kwenye chapa ya Kijerumani cha zamani. Tafuta jina la mahali au la mtu, kisha soma kurasa za jirani kwa macho.

Kwa tenzi na barua za kale za pwani kwa hati ya Kiarabu, maktaba ya kidijitali ya SOAS, London, ina mkusanyiko wa miswada ya Kiswahili unaosomeka mtandaoni.

## Kuipata makala yenyewe

10. Nimeipata makala lakini ukurasa unadai dola 30 au zaidi. Nilipe?

Usilipe kabla ya kupita njia hizi, kwa mpangilio huu:

1. Kwenye Google Scholar, angalia upande wa kulia wa tokeo. Palipoandikwa [PDF] au [HTML] kuna nakala ya wazi.
2. Hapakuwa na kitu? Bonyeza "All versions" chini ya tokeo. Nakala ya mwandishi huenda iko kwenye hifadhi ya chuo chake.
3. Sakinisha programu jalizi ya Unpaywall kwenye kivinjari cha kompyuta. Kikufuli chake kikigeuka kijani, kuna nakala halali ya bure.
4. Tafuta kichwa cha makala ndani ya nukuu kwenye CORE na BASE, mitambo inayotafuta kwenye hifadhi za vyuo.
5. Ingia kupitia maktaba ya chuo. Hapa ndipo Research4Life inapohusika.
6. Mwandikie mwandishi. Anwani yake ya barua pepe huwa kwenye ukurasa wa ikisiri. Mistari minne inatosha: wewe ni nani, chuo gani, makala ipi, kwa kazi gani. Watafiti wengi hufurahi kuombwa.

Research4Life inaeleweka vibaya, kwa hiyo tuifafanue. Ni mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, vyuo na wachapishaji unaofungua majarida ya kulipia kwa nchi za kipato cha chini. Una sehemu tano: Hinari ya afya (2002), AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Nchi zimegawanywa katika makundi mawili, la bure na la ada ndogo. Tanzania imo kwenye la bure. Anayesajiliwa ni taasisi. Mwanafunzi mmojammoja hawezi. Nenda kwa mkutubi umwulize: "Chuo chetu kimesajiliwa Research4Life? Naomba namna ya kuingia." Kuna vyuo vyenye usajili ambavyo wanafunzi wake wanahitimu bila kuambiwa.

Kuhusu Sci-Hub, tovuti inayotoa makala za kulipia bila ruhusa, ambayo huulizwa kila mara: inakiuka hakimiliki, na mwaka 2017 mahakama ya New York iliamuru iilipe Elsevier dola milioni 15. Njia sita zilizo hapo juu hukuvusha kwa makala nyingi.

11. Nikiwa chuoni makala zinafunguka, nikiwa nyumbani zinakataa. Kwa nini?

Mchapishaji hutambua anwani ya mtandao wa chuo. Ukitumia bando la simu, kwake wewe ni mgeni. Vyuo vingi vina njia ya kuingilia mbali, kama EZproxy, RemoteXs au MyLOFT, kwa namba ya usajili na neno la siri. Omba kufunguliwa kabla ya likizo. Kisha kwenye Google Scholar nenda "Settings", halafu "Library links", utafute chuo chako na ukiweke alama. Kama maktaba imeunganishwa, kiungo chake kitajitokeza kando ya matokeo.

12. Bando langu ni dogo. Nitafuteje bila kulimaliza?

Soma ikisiri kwanza. Ni maandishi matupu na hayali kitu. Penye chaguo la HTML, soma hiyo badala ya PDF. Makala ya kawaida ya PDF huwa na megabaiti moja au mbili, lakini tasnifu iliyopigwa picha kurasa zote inaweza kuzidi 20, kwa hiyo hifadhi viungo vyake upakue siku ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo. Usipakue kitu mara mbili: lipe kila faili jina lenye mwandishi, mwaka na neno la mada. Faili inayoitwa "download(7)" utaipakua tena wiki ijayo.

13. Tasnifu za vyuo vyetu nizipate wapi?

Vyuo vingi vina hifadhi ya kidijitali. Njia ya haraka ni kubana Google kwa kikoa cha chuo: `cassava dissertation site:sua.ac.tz` kwa Sokoine, au `site:uonbi.ac.ke`, `site:ku.ac.ke`, `site:udsm.ac.tz`, `site:mak.ac.ug`. Hifadhi hizi wakati mwingine huzimika siku kadhaa. Jaribu tena, na ukiipata tasnifu ipakue papo hapo.

Thamani yake kubwa iko kwenye marejeleo na dodoso. Mtu aliyetangulia kwenye wilaya yako amekwisha kukukusanyia vyanzo. Usinakili mapitio yake, nenda kwenye vyanzo vyenyewe.

## Kupima ulichopata

14. Nitajuaje kama jarida ni la kitapeli?

Dalili kubwa ni haraka na sifa. Jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya siku tatu baada ya malipo halina muda wa kumpa mtaalamu makala aisome. Angalia pia upeo: jarida moja linalopokea uhandisi, ukunga na teolojia kwa pamoja lina walakini.

Hakiki kwa vitendo. Chukua ISSN, namba ya utambulisho wa jarida, uiweke kwenye portal.issn.org uone kama jina linalingana. Likijiita la bure, litafute DOAJ. Fungua makala mbili uzisome: je, njia ya utafiti imeelezwa kiasi kwamba mtu mwingine angeweza kuirudia? Orodha ya maswali ya "Think. Check. Submit." imeandaliwa kwa waandishi lakini humfaa msomaji vilevile.

Usichanganye ada na utapeli. Majarida mengi mazuri ya bure humtoza mwandishi. Na jarida dogo la chuo cha Afrika lenye tovuti ya kizamani si la kitapeli kwa sababu tu ya sura yake.

15. Makala yenye "Cited by" kubwa ndiyo bora?

Namba hiyo, iliyo chini ya tokeo la Google Scholar, husema tu kwamba imetajwa sana, basi. Huenda imetajwa kwa kupingwa. Utafiti uliochapishwa na The Lancet mwaka 1998 ukihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji ulifutwa na jarida hilo mwaka 2010, na mpaka leo una idadi kubwa ya kutajwa. PDF ya zamani iliyozagaa mtandaoni haina lazima ya kuonyesha neno "RETRACTED". Kwa hiyo fungua ukurasa wa mchapishaji kabla ya kunukuu utafiti unaobeba hoja yako kuu. Programu ya Zotero, ya bure ya kutunzia marejeleo, nayo hukuonya ikiwa makala uliyohifadhi imefutwa.

Matumizi bora ya "Cited by" ni kusonga mbele. Orodha ya marejeleo hukurudisha kwa waliotangulia. "Cited by" hukupeleka kwa waliofuata. Chukua makala moja nzuri ya mwaka 2010, bonyeza hapo, weka alama kwenye "Search within citing articles", andika Tanzania. Kwa dakika kumi unakuwa na ukoo mzima wa utafiti huo.

16. Wikipedia je?

Isome mwanzoni, kwa maneno, tarehe na viungo vilivyo chini ya ukurasa. Nukuu hivyo viungo baada ya kuvisoma.

17. ChatGPT imenipa marejeleo mazuri kabisa. Naweza kuyatumia?

Usiweke hata moja kabla ya kulihakiki. Programu hizi za akili mnemba hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, na rejeleo ni umbo rahisi kuiga: jina la mwandishi, mwaka, kichwa chenye mantiki, jarida lililopo kweli. Vipande vyote vinaweza kuwa vya kweli na rejeleo lisiwepo. Ndiyo maana jicho haligundui.

Hakiki hivi. Nakili kichwa chote ndani ya nukuu ukitafute Google Scholar. Chukua DOI, yaani namba ya kudumu ya makala inayoanza na 10., uiweke kwenye doi.org. Hapa wengi huishia njiani: wanaona DOI imefunguka wanaridhika. Soma kilichofunguka! Mara nyingi DOI ni halisi lakini ni ya makala nyingine kabisa. Mwisho linganisha juzuu, toleo na kurasa kwenye tovuti ya jarida. Kikikosekana kimoja, lifute.

Kinachofaa kuziomba ni maneno: "Nipe visawe vya Kiingereza vya kipato cha kaya kijijini vinavyotumika kwenye uchumi wa kilimo." Jibu likikosea, utaligundua kwa kutafuta na hakuna aliyedhurika. Vyombo vinavyotafuta kwenye makala halisi, kama Semantic Scholar, ni salama zaidi, ila muhtasari wake usiuchukue badala ya kusoma. Na sheria za chuo chako kuhusu akili mnemba ziulize mapema.

## Mambo ya pembeni

18. Google Scholar inaniambia mimi ni roboti. Nimefanya nini?

Pengine hukufanya kitu. Kwenye Wi-Fi ya chuo na kwenye mitandao ya simu watu wengi hutoka kwa anwani moja, na maombi yakiwa mengi Google hushtuka. Jibu fumbo la picha, subiri kidogo, au badilisha mtandao. Kufungua vichupo ishirini kwa pigo moja huharakisha kufungiwa. Jua pia kwamba Scholar haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000 hata ikisema imepata laki mbili.

19. Takwimu ya kitu kilekile inatofautiana tovuti hadi tovuti. Nifuate ipi?

Fuata iliyohesabu, kisha utaje mwaka. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ya Kenya ya 2019 ilihesabu 47,564,296. Tovuti nyingine hutoa makadirio ya katikati ya mwaka yanayotokana na hesabu za zamani zaidi, ndiyo maana hazilingani. Hakuna aliyedanganya. Kosa ni kuchanganya sensa na makadirio kwenye jedwali moja bila kusema.

Kiungo cha takwimu kikifa, na tovuti za serikali hubadilishwa mara kwa mara, bandika anwani yake ya zamani kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, inayotunza nakala za zamani za kurasa. Kwa nyaraka muhimu usisubiri zife: tumia "Save Page Now" siku ileile unayoisoma.

20. Msimamizi anataka nieleze nilivyotafuta. Niandike nini?

Weka daftari tangu siku ya kwanza. Kukumbuka baada ya miezi mitatu haiwezekani. Kwa kila utafutaji andika tarehe, chombo, maneno kama ulivyoyachapa pamoja na nukuu na OR zake, vichujio kama "tangu 2015", idadi ya matokeo, na ngapi ulizichukua. Andika pia utafutaji ulioambulia patupu, kwa sababu ndio ushahidi wa pengo ulilosema lipo. Tarehe isikosekane: maneno yaleyale kwenye Google Scholar wiki ijayo yataleta hesabu tofauti, na mtahini akijaribu mwenyewe siku ya utetezi ataona tofauti hiyo.